Lahani ya Jirani Yetu wa Matrah

Juzi nilikwenda maulidini Mabela, huku Omani, nyumbani kwa binti wa ndugu yangu. Nyumba kubwa, sebule ina baridi ya kugandisha, na sisi wazee tumepangwa kwenye makochi kama mizigo ya bandarini. Wasichana wakaanza kasida. Mwenzangu, sambusa ilikuwa imeshafika mdomoni, nikairejesha sahanini. Lahani ile naijua tangu utotoni, na mle ndani hamkuwa na mwingine anayejua ilikotoka.

Ilitoka kwa jirani yetu. Tulifika Matrah kutoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, sitini na nne, mimi mtoto mdogo, na mama na bibi yangu. Kijumba tulichopata kilipakana ukuta na cha mwanamke aliyekuja kama sisi, mjane, mikono mitupu. Kwao alikuwa mwimbaji wa taarabu, na wa kutajika. Bibi alikuwa akisema harusi asiyoimba yeye haikuhesabiwa kuwa harusi. Alikuwa na wimbo mmoja wa mapenzi, wa mwanamke anayemngoja mtu asiyerudi, na ukianza huo, bibi yangu hakuweza kubaki kitini.

Matrah ya siku zile usiilinganishe na hii unayoiona. Joto la kiangazi lilitutoa vipele, maji tuliteka kisimani, na kichochoro chetu kilinuka papa mkavu kutwa kucha. Bibi alipika wali kwa nazi kuukuu zenye harufu ya mafuta, akala huku analia, akisingizia moshi. Na muziki ulikuwa marufuku kwa amri ya sultani. Waliokuwa na redio waliifungulia chini ya mto. Kwa hiyo mwimbaji wetu alikanda unga, akafua, akanyamaza, na mji mzima haukujua umempokea nani.

Bibi alidhani ni hofu ya wakubwa. Siku moja, wanachagua mchele ukumbini nami nimelala mapajani, alimbembeleza aimbe kidogo tu, kwa sauti ya chini.

"Usinitie majaribuni, shoga," jirani akamjibu. "Mimi nna nadhiri. Siku ile ya mapinduzi nimejificha uvunguni nilimwambia Mola, nikitoka mzima siimbi tena ila kumsifu Mtume wake."

"Basi sifu! Nani kakuzuia?"

"Watanisikiliza mimi. Nnachotaka wasikie maneno, mimi wanisahau."

Bibi hakuliacha likapita. Alimwendea mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mama wa Kimatrah, mkali lakini mwenye moyo, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila mwaka alisomesha maulidi ya wanawake uani kwake. Alikubali jirani apewe kasida moja. Nakumbuka jinsi jirani alivyobadilika wiki zile. Alikonda, akawa anajifungia na ile kasida, akiitoa kwa lahani hii, akiiacha, akijaribu nyingine. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu, kujua kama toba yake imekubaliwa, na alijiambia kuwa jibu atalipata siku ile.

Siku ikafika. Uwanja umefagiwa, udi unafuka, halwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Wanawake wa Kimatrah upande huu, sisi wa Unguja upande ule. Bibi alikuwa amevaa kikuba kifuani, asumini na rehani alizozikuza mwenyewe kwenye kopo la samli. Jirani akainamisha kichwa, akafungua mdomo.

Maneno yalikuwa ya Mtume, Kiarabu safi. Lahani ilikuwa ya ule wimbo.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini niliona upande wetu ukilegea. Mabega yakaanza kwenda. Mama akafumba macho. Huko kwetu, mtu akiguswa na wimbo wa taarabu huinuka, akajongea polepole kwa maringo hadi kwa mwimbaji, akamtunza kwa pesa au kwa ua. Hakuna anayekaa kufikiri, mwili wenyewe ndio unaoinuka. Na bibi yangu, hajja mzima, aliinuka. Akapita katikati ya uwanja, kiuno kinamsaliti, akauchomoa mkono ndani ya buibui, akafungua kikuba chake na kukichomeka kifuani mwa jirani. Mwanamke mmoja wa kwetu akapiga kigelegele.

Jirani akaikatiza kasida katikati ya ubeti.

"Hii maulidi, si harusi," mwalimu akasema kwa Kiarabu, bila ukali hata kidogo. Akatunyunyizia marashi, akatia dua, halwa ikagawiwa. Hakuna aliyeonja.

Nyumbani, bibi alibisha mlango wa jirani mpaka mkono ukamuuma. Ulipofunguliwa, jirani alimrejeshea kikuba, kimeshanyauka.

"Sikuichagua lahani ile, wallahi," alisema. "Nimezijaribu zote. Nikifungua mdomo, hiyo ndiyo inayotoka. Nikasema labda wameshaisahau. Kumbe wewe unaninyemelea."

Hawakusemezana tena. Chuoni hakuitwa mwaka uliofuata wala wa baada yake, na mimi nilimsikia ukutani akiswali tu, sauti imekuwa ya mtu mwingine. Bibi alifariki kabla ya mambo kubadilika. Jirani alikuja kumwosha, akamfunga sanda kwa mikono yake, akaondoka kabla jeneza halijatoka. Nilimchukia siku hiyo. Sasa simchukii.

Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, redio zikatoka chini ya mito. Watu wa kwetu wakawa wanamiminika kila mwezi, na harusi zikawa na ngoma. Walimwendea wamwimbishe ule wimbo. Aliwaambia kupitia mlango uliofungwa kuwa mwimbaji wanayemtaka alibaki Unguja. Alikufa akiamini toba yake ilikataliwa.

Lakini kuna kitu sikukijua mpaka juzi. Upande ule wa uwanja, wasichana wa Kimatrah walikuwa wanasikiliza pia, na wao hawakuwa na harusi yoyote ya kukumbuka. Waliichukua kama kasida tu, wakawafundisha watoto wao. Niliwauliza wale wasichana wa Mabela waliipata wapi. Wakasema ni ya zamani, ya chuoni, haina mwenyewe.

Waliisoma mpaka mwisho, shela nyeupe, vichwa chini. Kila mtu alisikia maneno. Hakuna aliyeinuka. Mimi peke yangu nilijikuta nimeshika kikuba changu kifuani, nimekishika kwa nguvu, nisije nikasimama.