Bomba la Tanuri la Mkate

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi wa mabati mjini Migori, nikingoja karai langu lizibwe, alipoingia mama mmoja mwoka mikate. Alitaka bomba la kutolea moshi wa tanuri lake la gesi.

"Lipite paa, litokeze nje kabisa," alisema. "Halafu unikatie matundu mawili chini mlangoni, hewa iingie."

Fundi akacheka. "Mama, unataka kuoka mkate ama kufuga kuku? Upepo ukiingia hivyo, unga hautaumuka."

"Mume wangu alisema hivyo hivyo. Akaziba matundu yote ya ukutani kwa magunia. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta unga umeumuka vizuri, umefurika kwenye sinia. Yeye alikuwa sakafuni, ameshakufa. Tanuri lilikuwa likiwaka, na moto wa gesi ukikosa hewa hutoa sumu; hakukuwa na harufu yoyote ya kumwonya."

Fundi aliweka nyundo chini. Alichukua futi kamba, akapima bomba, kisha akaongeza kipande kirefu bila kuombwa.

Siku hizi mikate ya mama huyo ni midogo na mizito, na wateja wananung'unika. Mimi hununua miwili, na kabla ya kuondoka hutazama chini mlangoni kama matundu bado yako wazi.