Sauti Kabla ya Kima

"Khm-hm." Hivyo ndivyo marehemu mumewe alivyosafisha koo kabla ya kusema lolote, hata kabla ya kuomba chumvi.

Ofisini wanamwita Mama Masikio, kwa kuwa vipokea sauti havimtoki kichwani. Kazi yake ni kusafisha kanda alizorekodi mumewe msituni: anafuta vishindo vya buti, upepo na sauti ya mtu, wabaki kima peke yao wakiitana. Mlio wao wa kuitana ni mguno mfupi, wa chini. Kima aliyefichwa na majani huutoa, kisha hunyamaza, akingoja wenziwe wajibu.

Kila kanda huanza na mumewe: "Khm-hm. Kima wa bondeni. Asubuhi. Mawingu." Maneno hayo ndiyo ya kwanza kufutwa, na yakifutwa hayarudi. Tangu azikwe, mjane amefuta kanda baada ya kanda. Imebaki moja.

"Shemeji, umeimaliza?" aliuliza dereva, spika begani. Siku hiyo walikwenda kuwasikilizisha kima mlio wao, waone watajibu vipi.

"Tayari."

"Tayari ya kweli, au ile ya fundi cherehani?"

Mama Masikio alicheka bila kumtazama. Hakuwa amefuta kitu. Mkono ulimgomea.

Msituni walificha spika kichakani, wakajibanza nyuma ya gogo. Kima walikuwa juu, wakila matunda. Dereva akabonyeza.

"Khm-hm. Kima wa bondeni..."

"Mungu wangu, shemeji! Watatimka wote!"

Sauti ya mtu huwatawanya kima. Hawa hawakutimka. Jike mzee aliacha kutafuna. Akashuka tawi kwa tawi, wengine nyuma yake, akachungulia kichakani upande huu, akachungulia upande ule. Miaka na miaka mtu yule alikaa chini ya miti yao bila kuwarushia hata jani. Walimzoea kama mvua. Jike akatoa mguno mfupi, wa chini. Akanyamaza, akingoja.

Dereva akavua kofia. "Hii iache ilivyo, shemeji," alinong'ona.

Miezi yote hiyo Mama Masikio alidhani ni yeye tu aliyebaki akiitegea sikio sauti ile. Alisogeza uso kwenye majani, akamtazama jike.

"Hayupo," akamwambia, kwa sauti ndogo kama pumzi. "Hata mimi namwita."