Kibwana na Petroli ya Bei Mbaya

Kibwana wa Mafiga ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo kinachopenya popote, na kwa miaka saba alikilisha petroli moja tu: ile ya oktani ya juu, ya bei mbaya. Ukimwuliza kwa nini, ujiandae kukaa. Alikuwa akisema petroli hiyo inakwenda mbali zaidi kwa lita, kwamba ya kawaida ni ya watu wasioyapenda magari yao, na kwamba rahisi huvunja upishi. Hakuwahi kupima. Nani anapima imani yake?

Kazi yake ilikuwa moja: mboga za Editha. Kila Alhamisi alimpandisha mama huyo Nyandira, huko juu Mgeta, gari likiwa tupu, na kila Ijumaa alimteremsha na kabichi, karoti na njegere hadi sokoni mjini. Tangu afiwe na mkewe, Kibwana hakuwa na kitu akipendacho kama safari ile. Bila Editha angeshinda barazani akigombana na kuku wa jirani.

Juni hii mafuta yakapanda, naye akapandisha nauli. Editha akamjia asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mjomba, Abel naye ana kirikuu, anatia petroli ya kawaida na nauli yake nafuu. Hiyo yako kama kweli inakwenda mbali, nionyeshe. La sivyo, mimi naenda na Abel."

Kibwana akacheka kwa sauti kubwa.

Akapanga jaribio, tena kwa haki, au hivyo alivyodhani. Wakati wa kupanda gari ni tupu, wakati wa kushuka limejaa. Basi petroli yake mwenyewe ataipa kazi ngumu, ibebe kabichi. Ya kawaida ipande bila mzigo, iheshimiwe kama mgeni. Sokoni watu wakamsifu. Mzee muungwana huyu! Na mimi ningekuwapo ningemsifu.

Alhamisi akatia lita kumi za kawaida, na walipofika Nyandira akanyonya zilizobaki kwa mpira, akazipima kwenye dumu. Ijumaa akatia lita kumi za bei mbaya, wakashuka na mzigo, na sokoni akapima tena. Petroli ya kawaida ilikuwa imetumika zaidi ya mara mbili ya ile ya bei mbaya! Kibwana akaliinua dumu juu, akalizungusha mbele ya wauza nyanya wote. Editha akalitazama dumu, akamtazama na yeye.

"Haya mjomba," akasema. "Umeshinda."

Ijumaa iliyofuata walikuwa wakishuka tena, Kibwana akiimba, Editha amesinzia kando yake. Walipoipita Langali mguu wake wa kulia ukamwasha. Akainama kuukuna, ndipo akagundua kwamba mguu wenyewe hauna kazi. Haukuwa umekanyaga mafuta tangu wimbo uanze. Kirikuu kilikuwa kinajiteremkia chenyewe, na kabichi zinakisukuma. Akaacha kuimba. Kumbe alipambanisha mlima na mteremko, akatangaza kwamba petroli imeshinda!

Mwingine angenyamaza, maana hakuna aliyeuliza. Kibwana alijaribu kunyamaza, akashindwa hata kula. Jumatatu akapima upya, petroli zote mbili zikipanda kilima kilekile kutoka Sangasanga, inapoanzia barabara ya Mgeta, gari tupu. Zikatoka sare, tofauti yake isingejaza kifuniko cha soda. Akaenda Kihonda kwa fundi Ezekiel, akiomba Mungu dumu liwe linavuja.

"Dumu zima, mzee," Ezekiel alimwambia. "Oktani siyo nguvu, ni uvumilivu. Petroli ya oktani ya juu inasubiri cheche, hailipuki kabla ya wakati wake. Kuna injini zinabana sana petroli na hewa, hizo zinaihitaji. Yako haibani hivyo. Umemvalisha koti la baridi mtu wa Kilosa kwenye joto lile."

"Miaka saba?"

"Miaka saba, mzee wangu. Ila hujaidhuru."

Jumatano akamfuata Editha sokoni, palepale mbele ya wauza nyanya. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na uchungu pia, maana aliiona Alhamisi yake inakwenda.

"Mama, nilikudanganya bila kujua. Aliyeshinda ni mteremko. Petroli hizi kwa gari langu ni sawa tu. Nauli irudi ya zamani, nitatia ya kawaida. Na kama unamtaka Abel, sina neno."

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Editha hakucheka.

"Mjomba, miaka saba nimekaa kwenye kiti kile. Mteremko niliujua siku ileile. Nilikuwa nangoja kama utausema."

Akafungua fundo la khanga, akatoa simu, akabonyeza namba.

"Abel? Samahani, baba. Ile safari ya kesho tuliyopanga, usije. Nina mtu wangu."