Mshale Haujasogea

Eudaldo alimaliza ujana wake akitengeneza taipureta za kiwanda cha sukari, na kiwanda kilipokufa akageukia kompyuta za majirani pale mjini Camagüey. Kitu walichokitupa wengine, yeye alikifungua kwanza, akakipuliza vumbi, ndipo akakiuliza kinaumwa wapi.

Kompyuta hii ilikuwa ya nyumbani. Mkewe, Zoraida, alikuwa na presha ya macho; nuru ilimfifia kutoka pembeni kuja katikati, kama mlango unaorudishwa taratibu. Binti yao Maylín alikuwa amejifungua ng'ambo, huko Montevideo, na Zoraida hakuwa na ombi jingine: amwone mjukuu wake Abril kabla mlango haujafungwa. Kioo cha simu kilikuwa kidogo mno kwake. Cha kompyuta kilikuwa kikubwa, ila programu ya simu za video ilikataa kufunguka kwenye mfumo wa zamani, na waliotengeneza mfumo mpya walishaikana mashine ya namna ile. Eudaldo akauingiza kwa mlango wa nyuma. Ukapanda vizuri mpaka kwenye ukurasa unaouliza jina la mwenye mashine, na hapo kibodi na kipanya vikafa ganzi.

"Mashine hiyo ina umri wa magoti yako," jirani yake Basilio alimcheka. "Unaivisha gauni la harusi, itacheza vipi?"

"Wewe niletee kile kigawanyio chako. Maneno weka akiba."

Kilikuwa kidude chenye matundu manne ya kuchomekea waya. Mfumo mpya ulikuwa kiziwi kwa matundu ya mashine kuukuu, lakini Eudaldo aliamini ungesikia ukipata mkalimani katikati. Asubuhi umeme uliporudi, mtaa mzima ukishangilia, alimketisha Zoraida mbele ya kioo, akampakatisha kibodi, akachomeka waya za kibodi na kipanya kwenye kigawanyio na kigawanyio kwenye mashine, kisha akatambaa chini ya meza na kipanya chake.

"Nakisogeza, bibi yangu. Mshale unakwenda?"

"Bado, mzee."

Akakihamishia kigawanyio tundu la pili la mashine. "Na sasa?"

"Bado."

"Hebu bonyeza herufi yoyote."

"Si nabonyeza! Hakuna kitu."

La tatu. La nne. Akarudi la kwanza, jasho likimwingia machoni.

"Toka huko, utavunja mgongo," Zoraida alisema. "Mwanamume mzima unalala na buibui."

Alitoka akijikongoja, kipanya mkononi, akakiegemeza ukingoni mwa meza ajiinue. Mshale ukaruka kutoka kona hadi kona. Kwenye nafasi ya jina herufi zilikuwa zimejaa tele, zote alizobonyeza Zoraida.

Zoraida alikuwa ameuelekezea mshale uso wake, macho wazi, akitabasamu kwa subira.

"Bado, eh?" aliuliza.

Eudaldo akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akimimina kahawa siku hizi, kidole ndani ya kikombe. Alidhani ni mazoea ya uzee.

"Bado," akasema.

Akainama tena, akauchomoa waya wa kigawanyio. Mshale ukasimama palepale ulipokuwa.

Zoraida alinyoosha mkono kutafuta kikombe mezani, ukapapasa hewa. Eudaldo akakisogeza taratibu mpaka kikagusa vidole vyake.

"Mwambie Maylín ni mashine," Zoraida alisema. "Mwambie imezeeka."

"Nitamwambia."

"Na umwambie isimlize."