Ng'ombe wa Netlangw

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kambare wakubwa wa ziwa letu dogo, bondeni upande wa Nambis, walikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa netlangw, pepo wa majini, na wale kambare warefu kuliko mimi ndio walikuwa ng'ombe wake. Uongozi wa kijiji nao ulikuwa umepiga marufuku kuwavua kwa sababu walikuwa wanakwisha. Pepo na mwenyekiti wakawa kitu kimoja, jambo ambalo sijaliona tena.

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mahindi yalikaukia shambani, baba akasimama mkutanoni akaomba uvuvi ufunguliwe kidogo: ndoana tu, nyavu hapana, kila nyumba samaki mmoja. Mdogo wake, baba mdogo Tluway, akapinga. "Ukifungua zizi kidogo, ng'ombe wote wanatoka," alisema. Walibishana mpaka wazee wakachoka, wakakubali.

Bibi, mama yao wote wawili, alitoa sharti moja. "Vueni, lakini msimpige samaki ukingoni. Mpelekeni mbali na maji kwanza. Damu ikiingia ziwani, netlangw atadai ya mtu."

Baba alicheka. Alikuwa mtu mwema, ila kwa ubishi hata punda alimwachia njia.

Siku ya kufungua nilikwenda naye, nimebeba gunia la kutilia samaki. Baba alinasa kambare ambaye kichwa kilishafika nyasini na mkia bado uko majini. Samaki akajirusha, akamwangusha baba matopeni, ndoana ikamchana kiganja mbele ya watu wote. Hapo baba akapandwa na hasira. Akashika fimbo akampiga kichwani, akampiga, akampiga hata baada ya samaki kutulia. Nilisikia fuvu likipasuka. Damu ikateremka kwenye alama za kwato za ng'ombe, ikaingia ziwani. Niliuogopa uso wa baba kuliko netlangw.

"Mama alikuambia nini?" baba mdogo akamuuliza.

"Huyu ni samaki. Toka hapa."

Kwetu mwanaume hatoki nyumbani bila fimbo. Baba mdogo ndiye aliyepiga kwanza. Walipigana kama watu ambao hawakunyonya titi moja, na kila aliyejaribu kuwaamua alirudi anavuja damu. Fimbo ikigonga mfupa ina sauti yake. Hadi leo nikisikia mtu anapasua kuni nasimama kidogo. Walipotenganishwa, baba alikuwa amepiga magoti, ameziba jicho, damu inapita katikati ya vidole. Jicho hilo halikuona tena.

Damu ya ndugu ikimwagika, nyumba huwekwa metimani, yaani hutengwa. Hakuna aliyetugawia moto wala kutusalimia. Mama alichota maji peke yake, mbali, na mimi nilikatazwa kucheza na watoto wa baba mdogo. Kambare aliozea ukingoni, na njaa yetu ikabaki palepale. Bibi hakusema hata mara moja kwamba alituonya, na hilo liliniuma sana. Kutengwa kuliisha, lakini wanawe hawakuamkiana tena, hata kwenye mazishi yake.

Sasa ninafundisha Dongobesh, na mwaka huu kijiji kimeniweka kwenye kamati ya ziwa. Kambare wameongezeka, vijana wanataka uvuvi ufunguliwe tena, kidogo. Kabla ya mkutano nilipita nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtafungua?"

"Wewe unaonaje?"

Alinigeuzia upande wa jicho zima. "Fungueni, watoto wapate kula. Ila anayeshuka ziwani aache fimbo nyumbani."

Nililitoa sharti hilo mkutanoni, nikasema limetoka kwa nani. Vijana wakacheka: mwanaume bila fimbo, si afadhali abaki jikoni? Baba mdogo, mzee sasa, hakucheka. Aliinama akaisukuma fimbo yake chini ya benchi, kisha akanyoosha mkono kuunga mkono. Kicheko kikaisha, na sharti likapita.

Sijui kama netlangw yupo. Bibi alisema anamjua, nami sina ugomvi naye. Ninachojua ni kwamba Bibi aliwajua wanawe: alijua mkono uliokwisha kunogewa na kupiga hauchagui wa kumpiga. Hata kama angelisema hivyo waziwazi, sidhani kama wangemsikia.

Watu walipotawanyika, fimbo ilikuwa bado chini ya benchi. Nilitoka nayo nje nimwite baba mdogo, nikamwona anakwenda polepole, mikono mitupu, ameshika njia ya kwa baba. Nikaiacha ukutani.