Kamba ya Bi Mwanakombo

Mie nilimchukia Bi Mwanakombo miaka tisa, na sioni aibu kusema. Mtaa mzima ulimchukia. Hawa wanaomsifu leo, zamani wakimwona anakuja na kamba yake wanaingia ndani na kufunga milango. Sasa wamekuwa wema, eti? Waache unafiki.

Ni mwanamke mfupi, Mzaramo wa hapahapa Temeke, amezaliwa huku bondeni kukiwa na mikorosho na mpunga tu. Kabla ya kustaafu alikuwa mfanya usafi hospitalini. Mwaka mmoja wa kipindupindu, zamani, akapelekwa kambi ya wagonjwa, kazi yake kumwaga ndoo zinazokaa chini ya vile vitanda vyenye tundu katikati. Akikusimulia habari za ndoo zile, chakula hakishuki. Mie alinisimulia nikiwa na sahani ya wali mkononi, makusudi kabisa.

Mtaa wetu haukupimwa. Kila mtu alijenga alipopata, mlango unatazama popote. Ndipo wakaja watu wa mipango miji kurasimisha makazi. Tukaitwa kikao, tukaonyeshwa ramani: kutoka barabara ya lami mpaka bondeni, njia ya mita nne. Walisema si kwa ajili ya fahari, ni kwa ajili ya gari la kunyonya vyoo na gari la wagonjwa. Tukakubali wote. Tukapiga makofi, tukasaini, tukanywa soda. Bi Mwanakombo peke yake akamfuata mpima, akamwomba ampimie mita nne kwenye kamba yake ya kuanikia nguo. Akapiga fundo huku, akapiga fundo huku. Sie tukacheka.

Halafu? Ramani ikabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mende wakaila pembeni. Walioileta hawakurudi kuangalia kama kuna njia au hakuna. Basi watu wakaanza kuila njia yenyewe. Mmoja akatoa baraza, mwingine banda la kuku, mwingine akasogeza ukuta futi moja tu, eti futi moja. Mie nikajenga fremu ya duka. Nilikuwaga mchonga vinyago Mwenge, macho yakachoka, nikataka kitu cha uzeeni. Duka likakaa kwenye kona, na nasema kweli, lilikula njia kuliko wote. Kilichobaki ni upenyo wa mtu mmoja, tena apite kiubavu, na kando yake mtaro.

Siku napandisha tofali la kwanza akaja na kamba.

"Baba Noela," akasema. Noela ni binti yangu wa kwanza. "Unajenga barabarani."

"Najenga kwangu."

"Gari la vyoo litapita wapi?"

"Litapita angani."

Mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Bi Mwanakombo akaikunja kamba taratibu.

"Haya. Duka hilo mie siingii mpaka naingia kaburini. Wallahi."

Na kweli hakuingia. Miaka tisa chumvi akainunua juu kule kwenye lami, na magoti yake yale mabovu. Anarudi na kifurushi, anapita konani kiubavu, ananitazama kuanzia kandambili mpaka kofia. Shikamoo yangu nikaikata. Akawa anapeleka barua kwa mtendaji, akitoka huko anapeleka kwa wakubwa wa mtendaji. Siku moja wakaja vijana wawili na rangi nyekundu, wakachora X ukutani kwangu, wakaondoka zao. Wiki iliyofuata kampuni moja ya simu ikalipaka duka lote bure kwa ajili ya tangazo, X ikalala chini ya rangi. Nilimwita aje aone. Roho mbaya? Ndiyo, nilikuwa nayo, tena ya kutosha kumgawia jirani.

Sasa, vyoo vinajaa. Gari haliingii, mpira wake haufiki. Kuna wale jamaa tunaowaita vyura, wanaingia shimoni na ndoo, lakini lazima wachimbe shimo la pembeni wafukie, na kiwanja changu hakina tena pembeni, nimejenga chote. Kwa hiyo huku bondeni tuna desturi yetu ya kutapisha. Unasubiri mvua kubwa, unatoboa choo kwa chini, maji ya mvua yanabeba kila kitu. Wote tunafanya na hakuna anayesema. Asubuhi mnasalimiana kama watu wa heshima.

Masika ya mwaka juzi, Jumamosi mchana, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani, nikachukua mtaimbo nikatapisha. Kwangu ni juu. Kisima cha Bi Mwanakombo kiko chini yangu, hatua thelathini. Nilijua. Nikasema maji ni mengi, yatapita.

Siku ya Jumanne, Mzee Mwishehe, fundi cherehani aliyekuwa akichota pale kisimani, akaanza kuharisha. Jumatano tukamzika. Alhamisi asubuhi nikasikia kelele za Tunu, binti wa Bi Mwanakombo.

"Jamani, mama anakwisha! Mama anakwisha!"

Mhudumu wa afya alishamtundikia dripu na kumlaza kwenye machela. Gari la wagonjwa limesimama kule kwenye lami, halina pa kupita. Wanaume wanne wakapandisha machela mpaka konani kwangu, ikakwama. Wakaigeuza huku, wakaigeuza kule, wapi! Mtaro umejaa maji yaleyale ya vyoo. Mmoja akasema ambebe mgongoni, mhudumu akamfokea kwamba mama hana maji mwilini, dripu isichomoke, alale vilevile.

"Mpitisheni dukani!" nikasema. Duka lilikuwa na mlango wa uani na mlango wa mbele. Nikasukuma kaunta pembeni, nikapiga teke magunia.

Wakamfikisha mlangoni. Yule mwanamke, macho yameingia ndani, midomo imepasuka, akatoa mikono miwili akashika mwimo.

"Humo siingii."

"Mama, achia!" Tunu analia. "Mama, nakuomba!"

"Nimeapa."

"Bi Mwanakombo, utakufa!" nikapiga kelele. "Utakufa kwa ukaidi wako!"

Akanitazama. Sauti yake ilikuwa haitoki, lakini wote tuliisikia.

"Nikifa, nimeuawa na ukuta wako."

Nilitaka kumbandua vidole kimoja kimoja. Hasira ilinipanda. Nikaviinamia kabisa vile vidole, na nilipovishika vilikuwa vya baridi, ngozi imesinyaa kama ya mtu aliyefua kutwa. Mie ndiye niliyemnywesha choo changu, halafu mie huyohuyo nimshikie vidole. Nikaviacha. Nikaenda uani nikachukua nyundo kubwa.

Ukuta ule niliujenga kwa ubahili, simenti kidogo mchanga mwingi. Mapigo manane tu, kona yote ikalala chini. Sukari, unga, viberiti, vyote topeni. Mke wangu alikaa chini akashika kichwa. Wanaume wakaikanyaga sukari wakapita, na machela ikapita nao, na gari likaondoka.

Hakufa. Siku ya kumi na moja akarudi, amekonda, kanga inamzunguka mara mbili na kubaki. Wale wa kufunga milango wakampelekea uji. Mfaume, mwenyekiti wetu wa mtaa, akaja akahutubia habari za kunawa mikono. Kunawa mikono! Yeye ndiye mwenye banda la kuku barabarani. Nilitamani kumtupia tofali, na matofali nilikuwa nayo mengi.

Kesho yake Bi Mwanakombo akaja akasimama nje, pale palipokuwa na kona yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo." Ya kwanza baada ya miaka tisa.

"Marahaba."

"Siku ile ya mvua," nikaanza, "choo kile ni mie niliyetapisha."

"Najua. Kwako ndiko juu."

"Na Mzee Mwishehe..."

"La Mwishehe kamwambie mjane wake," akanikata. "Uende leo. Usije kwangu kutafuta msamaha wa mtu mwingine."

Yeye akafungua pindo la kanga, akatoa kamba. Fundo moja akalishika mwenyewe, akaliegemeza kwenye ukuta wa jirani wa ng'ambo ya njia. Fundo la pili akanirushia.

"Ingia nalo."

Nikavuka kifusi, nikaingia kwenye duka lililobaki. Nikapita kaunta. Kamba ilikuwa bado inakuja. Nikaendelea mpaka ikakaza.

"Imefika wapi?" akauliza kutoka nje.

"Kwenye rafu ya sabuni."

"Nyundo ipo?"

Nikasema ipo. Nikaanza kushusha sabuni.