Sufuri ya Mahindi

Jumanne nilikuwa kwenye ofisi ya walimu ya sekondari moja ya huku Chamwino, nikisubiri barua ya binti yangu igongwe muhuri. Mlangoni kuna kibao kinachoamuru kuongea Kiingereza tu. Akaingia mzee mkulima na binti yake wa kidato cha pili.

"Shikamoo mzee," mwalimu akasalimia, kibao kikimtazama. Akatoa karatasi ya mtihani wa kilimo. Swali la kuhifadhi mahindi, sufuri. "Binti hana msamiati. Nilimpa maneno mia ya Kiingereza akariri."

"Anakariri kila jioni, hata mbuzi wameshayazoea," mzee akajibu, kisha akamgeukia binti. "Mahindi tunayahifadhije?"

Binti akaeleza bila kusita. Unang'ata punje, ikilia kwa ukavu ndipo unapukuchua. Unachanganya dawa ya unga, unajaza gunia, unaliweka juu ya mbao lisiguse sakafu.

"Jibu ndilo hilo," mwalimu akakiri. "Ila kwa Kiswahili halina maksi. Atarudia darasa."

Sina ugomvi na Kiingereza. Wangu mwenyewe nimempeleka tuisheni. Ila nilitegemea mwalimu aone haya kidogo. Badala yake aliinuka, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Hebu rudia hapo kwenye dawa, mwanangu. Kule kwangu Mkonze dumuzi wananimalizia mahindi."

Akaandika kila neno, kwa Kiswahili, nyuma ya karatasi ileile yenye sufuri.